Kinga nayo inataka kinga

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite katika mkutano mkuu wa wanachama, Kalemie



Komite ilitupa sisi watatu kazi ya kufuatilia zile kinga tatu za umeme, na leo ni siku yetu ya kutoa hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi, nayo inauma. Tulipokea tatu. Inayotembea leo ni moja. Moja iliibiwa mbele ya farmasi mchana kweupe, nyingine iling'olewa betri usiku ndani ya parsele. Hatukuja kuwaambia kwamba mjini kuna wezi. Hilo hata mtoto analijua. Tumekuja kusema kosa letu sisi lilikuwa wapi, na nini tunaomba mkutano ukubali.

Mnakumbuka tulivyokuwa tunachekwa kule Tanzania. Sisi tukisema kinga, tunasema baiskeli. Wenyeji wetu wakisikia kinga wanafikiri chanjo. Mtu anasema kwa furaha "nimenunua kinga," anaulizwa "kinga ya ugonjwa gani?" Tulicheka pamoja nao. Sasa tumerudi kwetu, na lile neno lao limetufuata: kinga nayo inataka kinga, na sisi hatukuipa.

Tuanze na ile ya kwanza. Alipewa mama mmoja mwenye kuuza samaki, mjane, mwenye watoto wanne. Kabla ya hapo alikuwa anabeba beseni kichwani toka ziwani mpaka Lubuye, na mara nyingi samaki walifika wamelegea, bei imeshuka. Kwa kinga ya umeme alifika mapema. Siku ile alisimama kwenye farmasi kununua dawa ya mtoto. Hakuiacha wazi, jamani. Alifunga. Alipitisha kadena ya waya kwenye gurudumu la mbele, akalizungusha kwenye nguzo, akaingia. Alipotoka, alikuta gurudumu la mbele limesimama peke yake kwenye nguzo, kadena bado imefungwa vizuri, ufunguo uko mkononi mwake. Kinga nzima imekwenda.

Wengine walicheka waliposikia. Lakini tufikiri kidogo. Gurudumu la mbele la kinga zile linashikwa na kishikio cha kufungua kwa mkono, bila spana. Mota iko kwenye gurudumu la nyuma. Betri iko katikati, kwenye chuma cha fremu. Maana yake mwizi alituachia kile chenye bei ndogo kuliko vyote, akabeba vyenye thamani. Na sisi tuliomkabidhi kinga yule mama, tulimwonyesha jinsi ya kuwasha, jinsi ya kushika breki, jinsi ya kuchaji. Kufunga hatukumwonyesha. Tulifikiri kila mtu anajua.

Ya pili ilikuwa inapeleka unga toka mashine ya kusaga mpaka kwa wauzaji. Kijana wake aliilaza ndani ya parsele, akafunga fremu kwa mnyororo kwenye mti wa mwembe. Asubuhi fremu ipo, mnyororo upo, betri haipo. Betri ile ina ufunguo wake mdogo, na kijana aliuacha umo mumo kwenye tundu lake, kwa sababu kila jioni aliutumia kuitoa ili achaji, na usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Akasema, "nitachaji kesho." Betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye kinga ya umeme. Bila betri ile ni baiskeli tu, tena nzito, kilo kama ishirini na tano, ambayo hakuna anayetaka kuikanyaga kwenye mlima.

Hapa kuna jambo linalochoma moyo. Betri hizi ni za lithium. Manono, mkoa huu huu wetu wa Tanganyika, ardhi yake imebeba lithium nyingi sana, inajulikana dunia nzima. Madini yamo ardhini kwetu, betri inatoka ng'ambo, na ikifika kwetu tunashindwa kuilinda usiku mmoja.

Sasa ile ya tatu. Mnaiona kila siku, ya manjano, ina namba 3 kubwa nyeupe ubavuni. Iko na kijana anayebeba mikate na vitu vya butiki. Yeye tangu siku ya kwanza hakuiacha mahali asipojulikana. Asubuhi anaiegesha karibu na zamu wa bohari moja, palepale kila siku, anampa franka 500 jioni. Alimwonyesha zamu uso wake na uso wa mdogo wake, akasema: "Nje yetu sisi wawili, asiiguse mtu." Mwezi wa pili mtu alikuja, akashika usukani, akasema ametumwa na umoja aipeleke kwa fundi. Zamu hakupiga kelele. Alisema tu: "Ile kinga ya manjano? Njo ya umoja wa ba Nyarugusu. Ngoja mwenyewe afike." Na mama anayeuza maandazi pembeni naye akasimama. Yule mtu akasema anarudi sasa hivi. Mpaka leo hajarudi.

Tuliuliza kadena ya kijana ni ya aina gani. Ni ileile ya waya, sawa na ya mama wa samaki! Basi tukajiuliza: tofauti iko wapi?

Tukakumbuka kambini. Nyarugusu tangu 1996 tuliishi wengi, umaskini ulikuwepo na wezi walikuwepo pia, tusidanganyane. Usiku baiskeli ililala ndani ya nyumba pamoja na watoto. Lakini mchana, kwenye bloki, kila mtu alijua baiskeli ya fulani: ina kengele gani, kiti chake kimeshonwa kwa uzi gani. Ukiipanda wewe usiye mwenyewe, ulipita milango kumi na kuulizwa mara kumi. Mji hauko hivyo. Kwenye barabara ya Lumumba mtu akisukuma kinga yenye gurudumu moja, watu wanafikiri anaipeleka kwa fundi. Wanamwonea hata huruma. Siku ile ya farmasi watu walimwona mwizi. Hakuna aliyejua kwamba ni mwizi.

Ndiyo maana tunasema: kadena inamchelewesha mwizi, watu ndio wanaomzuia. Vyote viwili vinahitajika, na vyote viwili vina gharama. Sisi tulipokea kinga tukasherehekea, tukapiga picha, hatukuweka hata franka moja ya kadena nzuri wala ya zamu. Hilo ni kosa la komite, si la mama.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya, na tunaomba msikilize hata ninyi wenye baiskeli za kawaida.

Kufunga. Kadena ya waya inakatwa kwa koleo kabla hujamaliza kusalimiana na mtu. Tutumie mnyororo mnene wa chuma kigumu, au kadena ya chuma yenye umbo la U. Kwanza shika fremu, kisha gurudumu la nyuma kwa sababu ndilo lenye mota, na vyote vishikwe na kitu kisichong'oka. La mbele, tutaondoa kile kishikio cha mkono na kuweka nati ya kufunga kwa spana. Kabla ya kufunga kwenye nguzo, itazame nguzo mpaka juu: kama ni fupi, mtu atainyanyua kinga na kuipitisha juu pamoja na kadena yake. Itikise pia chini. Mti mwembamba na mlingoti wa mwavuli wa muuzaji si nguzo. Na kadena isilale chini kwenye simiti, maana hapo ndipo nyundo inapata nguvu. Iwe juu, imekaza, isiache nafasi ya kuingiza chuma cha kupindulia.

Betri. Mwenye kushuka, ashuke na betri yake. Haizidi sana kilo tatu. Beseni la samaki lilikuwa zito zaidi. Ufunguo wake ukae shingoni pamoja na wa kadena. Kile kioo kidogo cha usukani kama kinatoka, kitoke. Betri usiiache juani kwenye dirisha, joto linaiua polepole. Umeme ukirudi baada ya kukatika, usichomeke palepale. Subiri utulie, maana ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza chaja. Tumia chaja yake tu, si ya jirani kwa sababu kichwa kinaingia. Usichaji mkiwa mmelala, wala usiweke betri inayochaji mlangoni, maana ikishika moto, mlango ndio njia yenu ya kutoka. Na iliyoanguka vibaya au kuvimba, usiichaji tena: iweke nje, mbali na nyumba, utuite.

Mahali. Tusiegeshe kila mtu anapopenda. Tunataka sehemu tatu: moja upande wa soko, moja karibu na daraja la Lukuga, moja Kataki. Kila sehemu iwe na pete za nondo, ndiyo ferabeto yetu, zilizosudiwa na kumwagiwa beto, na mlinzi anayelipwa kila siku, siyo "tutakuona baadaye." Tutakwenda kwanza kwa shefu wa avenyu, na kwa mwenye ukuta, na kwa ba mama wanaouza hapo. Kinga zisizibe rigole, zisizibe njia ya mwenye kutembea na fimbo. Ukimzibia mama meza yake asubuhi, usitegemee akulindie mali yako mchana.

Kujulikana. Kila kinga ipakwe rangi ya manjano na namba, hata kama wengine wanasema inaharibu urembo. Ndiyo, iharibike urembo! Mwizi hapendi kitu kinachotambulika mbali. Na chini ya fremu, pale pedali zinapozungukia, kuna namba iliyochongwa kwenye chuma. Tulipokwenda polisi kushtaki, tuliulizwa namba, hatukuwa nayo. Tuliulizwa fakture, iko kwenye telefone ya mtu aliye safarini. Tuliulizwa picha, tukatoa picha ya sherehe, kinga imefunikwa na watu. Tulirudi tumeinamisha vichwa. Sasa kuna daftari: namba ya fremu, namba ya betri, picha ya ubavu wa kulia na wa kushoto, jina la mwenye kuiendesha, na nakala ya fakture.

Limebaki jambo lililo gumu zaidi. Katika kikao cha kwanza baadhi yetu walitaka mama wa samaki alipe, kidogo kidogo, mpaka aimalize. Walisema, asipolipa yeye, kesho kila mtu atapoteza. Hoja hiyo tuliisikia, si ya kijinga. Lakini tulipiga hesabu: kwa beseni la samaki atalipa miaka, na watoto watatoka shuleni. Mtu aliyefunga kama alivyojua, kwa kadena tuliyompa sisi, tutamdai nini? Kikao cha pili kilikubali hivi: deni ni la umoja. Yeye atapanda ile ya pili tukishapata betri, kwa zamu na kijana wa unga, mmoja asubuhi, mmoja mchana. Kuanzia leo, aliyefundishwa, akapewa kadena nzuri, kisha akaiacha wazi au akaacha ufunguo kwenye betri, huyo atachangia nusu ya hasara. Kijana wa unga mwenyewe ndiye aliyependekeza hilo, mbele ya watu.

Na ninyi wafadhili wetu. Wengine wenu ni ndugu tuliogawana nao mahindi ya kambini kabla hamjapanda ndege. Mlipouliza "kinga zinaendeleaje?" tulichelewa kujibu. Tuliona haya. Tunaomba radhi kwa kimya kile. Tumesikia mnataka kutuma kinga ya nne. Tunawaambia kwa heshima: bado. Tutumieni kwanza minyororo na kadena za kweli, betri moja, na fedha ya beto na ya walinzi kwa miezi sita. Sisi tutatoa nondo, fundi wa kusude, na mikono ya kuchimba. Baada ya miezi sita tutawaletea lile daftari, ukurasa kwa ukurasa. Kama kinga mbili bado zipo, hapo ndipo tuzungumze juu ya ya nne.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza kuchimba upande wa soko. Mwenye pauro aje na pauro, mwenye ndoo aje na ndoo. Mama wa samaki amesema yeye ataleta chakula. Tumemwambia aje pia ajifunze kufunga, na ametujibu: "Nitajifunza, halafu nitawafundisha ninyi."