Vidukari Hawafanani: Maneno kwa Vikundi vya Wakulima wa Kunde



Swali hili huulizwa sana mikutanoni: "Mbegu ya kunde tuliyoambiwa haishikwi na vidukari, mbona kwa jirani imesimama vizuri na kwetu imejaa wadudu? Tulidanganywa?"

Pengine hapana. Vidukari wanaweza kuwa wa jina moja na rangi moja, lakini hawali sawasawa. Kundi moja likifyonza kunde ya aina fulani hudhoofika na kuzaa kidogo. Kundi lingine, kwenye kunde ile ile, hushiba na kuongezeka.

Sababu ni hii. Kidukari jike huzaa bila dume, na watoto wake humfanana. Wakati wa joto, mtoto naye huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Basi akibaki mmoja tu anayeiweza mbegu yako, shamba litajaa ukoo wake.

Haya yamekwisha tokea kwenye ngano. Kidukari wa ngano wa Urusi aliingia Afrika Kusini mwaka wa 1978. Miaka ya 1990 wakulima wa huko walipata ngano iliyomshinda. Lakini mwaka wa 2005 kukaonekana ukoo mpya, ukaila ngano hiyo bila shida. Hata kwa vidukari wa kunde, watafiti wameona makundi yasiyofanana.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, tusitupe mbegu zetu za zamani.

Pili, kabla kikundi hakijatoa pesa nyingi kununua mbegu mpya, tuijaribu. Tupande mistari miwili ya kila mbegu katika mashamba ya wanachama watatu. Baada ya wiki tatu tugeuze majani na kuangalia machipukizi ya mimea 10 kila mstari, tuandike kwenye daftari. Msimu ujao turudie.

Tatu, tusipande mbegu ya aina moja kijiji kizima.

Nne, tukague kila wiki. Tukiona wachache, tuwafinye kwa vidole au tunyunyize maji ya sabuni, kabla hawajaota mabawa na kuhamia kwa jirani.

Mbegu nzuri inasaidia, lakini mlinzi wa shamba ni macho ya mwenyewe. Daftari zenu mje nazo mkutano ujao, tulinganishe.