Riziki na Amana: Ujira wa Mwandishi Mkristo katika Nchi ya Mbeere



Mada niliyopewa ni ya fedha na wito, na maadamu tunakutana hapa Gachoka, sitaizungumza kwa namna ya mtu asiyejua ada ya shule hutoka wapi. Katika nchi hii kavu inayoteremkia mto Tana, ada hulipwa kwa pojo, kwa mtama, kwa maembe, kwa mbuzi, na katika miaka hii, zaidi ya hivyo vyote, kwa muguka, yale majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa. Na mwandishi aliyetoka katika nyumba iliyosomeshwa kwa mazao hayo hana haki ya kuidharau fedha, wala haimpasi kuandika kana kwamba fedha haina asili wala mwenyewe. Neno ninalotaka kulileta mbele yenu ni moja: ujira wenyewe hauna dhambi, ila yatupasa kumtazama sana yule anayelipa, na kuliuliza jambo ambalo angependa tulinyamazie.

Mtume Paulo, tunayemtaja kila tunapozungumza habari hizi, alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Na katika sura ya tisa ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho aliitetea kwa hoja nyingi haki ya mhubiri kupata riziki yake katika Injili, kisha akaeleza ya kuwa yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Aghalabu kila mmoja wetu hushika nusu ya sura. Kamati za kanisa hushika ile ya pili, zinapomwita mwalimu aandike historia ya parokia kwa miezi mingi na kumlipa shukrani. Nasi waandishi hushika ile ya kwanza, tunapokasirika. Lakini nusu hizi mbili haziachani, kwa sababu mtu hawezi kuisamehe haki ambayo haijakubaliwa kuwa ni yake, na kanisa lisilokiri kwamba lina deni kwa mwandishi limemnyima hata fursa ya kulisamehe deni hilo kwa hiari.

Tufanye hesabu kidogo, maana wengi huingia kazi hii kwa dhana tu. Tuchukue kitabu kinachouzwa shilingi 300, na mrabaha wa asilimia kumi: mwandishi anapata shilingi 30 kwa nakala, na nakala 1,000 zikiisha, jambo ambalo kwa kitabu cha ibada si jepesi, ana shilingi 30,000, ambazo hukatwa asilimia tano ya kodi kabla hazijamfikia mkononi. Fauka ya hayo, tangu 2013 vitabu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ikampandishia bei msomaji ambaye tayari alikuwa akihesabu sarafu. Aandikaye kwa Kimbeere amejifungia tena katika soko dogo zaidi, kwani Wambeere wote, wazee na watoto wachanga, hawakufika laki mbili katika sensa ya 2019. Basi asiambiwe mtu yeyote hapa kwamba akiwa mwaminifu katika wito, kitabu chake kitamlisha. Yamkini hakitamlisha, na uaminifu wake hautapungua kwa hilo.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Ng'ambo ya Tana, huko Mulago katika Kitui, alizaliwa John Mbiti mwaka 1931, naye kabla ya kujulikana duniani kwa kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alikuwa amekwisha kutoa hadithi kwa Kikamba. Aliishi kwa mshahara wa mwalimu Makerere, na baadaye kwa kazi ya uchungaji na ualimu Uswisi. Na kwa kuwa riziki yake ilikuwa mahali pengine, aliweza uzeeni kulitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba, likatoka 2014, kazi ambayo hakuna mfanyabiashara wa vitabu ambaye angaliigharimia kwa kutarajia faida. Kadhalika Mathias Mnyampala wa Dodoma, Mkristo aliyeitunga Injili kwa bahari ya utenzi na kuichapisha 1963 katika matbaa ya misheni ya Ndanda, alikuwa mtumishi wa serikali na hakimu. Mahema yao yalikuwa mengine, lakini yalikuwa mahema.

Kuna walioishi kwa kalamu, nao ni wale walioandika vitabu vya shule vya Masomo ya Dini ya Kikristo. Sina lawama kwao. Hata hivyo soko hilo nalo limebadilika tangu serikali ilipoanza, Januari 2018, kununua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, kiasi kwamba asiyechaguliwa hana pa kuuza.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wa hapa. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, kwa hoja kwamba unawaangamiza vijana wa pwani; Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri hizo, na nchi nzima ikabishana. Mkulima alikuwa na neno lake, wakili lake, mwanasiasa lake. Mwandishi Mkristo wa Gachoka alipaswa aseme nini, ilhali wasomaji wake hununua kitabu kwa fedha za muguka, na mabati ya kanisa analosali yamenunuliwa kwa harambee ambayo nusu ya bahasha zake zimetoka katika shamba la muguka huo huo? Nionavyo mimi, alipaswa kumwandika mama wa Kisauni, Mombasa, ambaye mwanawe halali usiku wala hafanyi kazi mchana, na kumwandika pia mkulima wa hapa, ambaye mvua yake ni haba, asiye na chai wala kahawa kama jamaa zake wa mteremko wa Mlima Kenya kule Runyenjes na Manyatta, na ambaye pojo zake zikikauka hana kikubwa cha kupeleka sokoni ila muguka. Akija mchuuzi mkubwa kumlipia gharama za chapa kwa sharti la kumwacha yule mama nje ya kitabu, amkatalie. Na likija shirika linalopiga vita muguka, likiwa na fedha nyingi zaidi na nia njema kabisa, lakini likitaka mkulima aonekane mwovu asiye na sababu, alikatalie vile vile. Hili la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa fedha hiyo huja na lugha ya dini.

Vivyo hivyo mwanasiasa anayenunua nakala mia siku ya uzinduzi, picha yake ikitangulia dibaji. Hanunui kitabu kile kimoja tu. Ananunua na kimya cha kile kitakachofuata.

Dawa ninayoipendekeza haina fahari. Wanunuzi 200 wakitoa shilingi 300 kila mmoja kabla ya chapa, ni shilingi 60,000, zinazotosha kuanza kazi ndogo, na katika hao 200 hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuamuru ukurasa ufutwe. Miongoni mwao watakuwamo wakulima wa muguka, nao ni wasomaji kama wengine, fedha yao ipokewe kwa heshima. Na hesabu za fedha hizo ziandikwe. Tukumbuke gazeti la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, lililopigwa marufuku 1988 baada ya kufichua maovu ya uchaguzi wa mlolongo: mashtaka yaliyomkabili mhariri wake, Bedan Mbugua, yalihusu kutopeleka taarifa za mauzo kwa msajili. Mwenye nguvu aliyekasirishwa na maneno yako atakuja na daftari lako la hesabu mkononi. Katika siku zile zile Askofu David Gitari alikuwa akihubiri na kuwakemea watawala katika dayosisi iliyoendeshwa kutoka Embu, mahubiri yake yakakusanywa vitabuni, na 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Riziki yake ilitoka kwa waumini, wala haikuwa mkononi mwa wale aliowakemea.

Kwa hiyo nawasihi wachungaji na mapadre waliomo humu: kanisa litakapotaka kitabu cha yubilei, liandike mkataba, litaje ujira na tarehe ya kuulipa, kisha lilipe, na mwandishi akitaka kuurudisha katika sadaka, aurudishe kwa mkono wake mwenyewe.