Mbegu za Mboga Zetu, na Watoto wa Kuzisomea

Kamati inataka kueleza kwa nini harambee ya mwaka huu ni ya vitu viwili ambavyo wengine mmeuliza vinahusianaje: karo za wanafunzi wa kilimo, na kipande cha shamba la mbegu.

Tumtaje mtu mmoja ambaye kazi yake inajulikana. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kule Juja, ni mtaalamu wa kilimo cha mboga. Utotoni mwili wake ulikataa protini za wanyama, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokwenda chuoni kusomea kilimo, alikuta mboga zile zile zikiitwa magugu. Angeweza kushika kabichi na sukuma wiki, zilizokuwa na heshima. Yeye alishika managu, saga, mrenda na kunde. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo yake ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Leo managu yanauzwa kwenye supamaketi, na wale waliotucheka shuleni ndio wanaoyanunua!

Kuboresha mbegu si uchawi. Mtafiti hukusanya mbegu boma kwa boma, huzipanda pamoja, kisha huchagua mimea yenye majani mapana na inayochelewa kuchanua, kwa sababu saga ikishatoa maua majani hupungua. Msimu unaofuata huchagua tena, na mwingine tena. Saga ina ukaidi wake pia: mbegu iliyovunwa jana ukiipanda leo huota chache tu, yataka ikae miezi kadhaa kwanza. Managu nayo hupondwa tunda, mbegu zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Nyanya zetu waliyajua haya bila digrii.

Kazi ya misimu mingi namna hiyo haiwezi kubebwa na mtu mmoja. Mwanafunzi anayehesabu maua leo ndiye atakayeendeleza shamba profesa akistaafu. Asipokuwepo, daftari hubaki kabatini na mbegu hupoteza uhai.

Na kwetu hali ikoje? Mwaka jana tumewazika akina nyanya kadhaa waliokuwa wakiweka mbegu kibuyuni, juu ya meko. Tulipozuru baadhi ya familia hizo, vibuyu vilikuwa vimetupwa. Wakati huo huo tuna wasichana wawili wenye barua za kujiunga na chuo kusomea kilimo cha mboga na matunda, na wazazi wao wameuza hadi ng'ombe wa mwisho. Hatuoni haya kulisema mbele yenu.

Shule ya upili imekubali kutupa ardhi kando ya kisima. Wasichana hao wameahidi kurudi kila likizo kuwafundisha wanafunzi wa pale kuchagua na kukausha mbegu.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Asiye na fedha na ana mbegu, azilete zikiwa kavu, ndani ya karatasi au bahasha, aandike jina la mboga kwa lugha yetu na kijiji zilikotoka. Mama mweka hazina atazipokea mezani, pale penye kitambaa cha kijani.