DARASA LA AWALI: TUHESABU VICHWA, TUSIRIDHIKE NA WASTANI

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Songwa. Yanatumwa hapa kwa ambao hawakuweza kufika.*



Hoja iliyo mezani ni hii: baadhi yetu wanapendekeza Tawi lichangishe fedha, lifungue chekechea ya watoto wa wanachama, kwa kuwa darasa la awali la serikali limefurika na ada za shule binafsi ni nzito. Tumeipigia hesabu. Tunaomba mtusikilize hadi mwisho kabla ya kunyoosha mikono.

*Kwanza, kipimo.* Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Kwa shule ya msingi ni mmoja kwa 45. Shule binafsi nyingi zinakaribia hiyo 25. Kwenye shule za serikali, miaka iliyofuata 2016, wastani wa nchi ulikuwa zaidi ya watoto 100 kwa mwalimu mmoja mwenye sifa.

Tuiweke kwenye saa. Chukua kipindi cha dakika 20. Kwenye darasa la watoto 25, kila mtoto ana sekunde 48 za mwalimu. Kwenye darasa la 100, ana sekunde 12. Ndani ya sekunde 12 mtoto wa miaka mitano hajamaliza hata kusema kwamba tumbo linamuuma.

*Pili, chanzo.* Sera ya Elimu ya 2014 iliweka mwaka mmoja wa awali ndani ya elimu ya lazima, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa. Nchi nzima, watoto wa awali walitoka takriban milioni 1 mwaka 2015 wakavuka milioni 1.5 mwaka 2016. Walimu na vyumba havikukua kwa kasi hiyo. Shule binafsi ikijaa hufunga usajili. Shule ya serikali haina ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani, na mara nyingi dada mtu huja na mdogo wake wa miaka mitatu mgongoni. Kwa hiyo tusimlaumu mwalimu aliyeachiwa mlango wazi.

*Tatu, tahadhari ya hesabu.* Uwiano wa shule si idadi ya darasa. Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 600 na walimu 12. Kwenye karatasi ni mmoja kwa 50, na mtu atasema hali si mbaya. Lakini walimu 11 wamepangwa darasa la kwanza hadi la saba, wenye mitihani ya taifa, na huko kuna watoto 490. Kila mmoja ana chini ya 45, kiwango kimetimia. Watoto 110 waliobaki ni wa awali, na mwalimu wao ni mmoja. Karatasi inasema 50, chumba kinasema 110.

Shule binafsi nazo zisitupumbaze. Watoto 20 chini ya mlezi asiye na mafunzo ya awali ni darasa dogo, basi. Kabla ya kulipa, ulizeni vitu viwili: usajili wa shule na cheti cha mwalimu.

*Nne, mwalimu msaidizi.* Wapo wanaosema tuongeze msaidizi mambo yaishe. Kule jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia 1985 waligawa watoto kwa bahati nasibu: madarasa ya 13 hadi 17, ya 22 hadi 25, na ya 22 hadi 25 yenye msaidizi. Madarasa madogo yalifanya vizuri zaidi. Msaidizi ndani ya darasa lilelile hakuleta tofauti kubwa. Madarasa yao makubwa kwetu ni ndoto, lakini funzo linatufaa: *msaidizi atumike kuligawa darasa, asiwe wa kunyamazisha watoto.*

Mkoa wetu wa Shinyanga una uzoefu. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 kwa fedha za Uingereza, ulifundisha watu wa vijijini kuwaandaa watoto kuanza shule kwa hadithi na michezo. Watu wa kazi hiyo wanapatikana humu humu.

*Msimamo wetu.* Mwanachama anayempeleka mtoto shule binafsi ana haki yake. Lakini Tawi likijifungulia chekechea yake, wenye sauti watatoka kwenye darasa lile, na mtoto wa mchimbaji mdogo na wa mkulima wa pamba atabaki na sekunde zake 12 bila msemaji. Tunashauri hoja ikataliwe, na badala yake tuazimie haya:

1. Kila kitongoji kitoe wanachama wawili. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, wahesabu watoto waliomo darasani la awali, siku mbili tofauti za wiki. Vichwa, si daftari la usajili.

2. Hesabu hiyo ipelekwe Kamati ya Shule, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu. Ombi ni moja: darasa la awali ligawanywe mikondo, na mwalimu wa pili apangwe.

3. Diwani alifikishe kwa Afisa Elimu Awali na Msingi wa Wilaya ya Kishapu mapema, bajeti ya Julai isije ikatupita. Sheria ya Madini inautaka mgodi ukubaliane na halmashauri mpango wake wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Chumba cha awali kiombewe humo.

4. Anayetaka kuchangia posho ya msaidizi achangie kwa hiari, kupitia Kamati ya Shule na kwa risiti. Mtoto asiondolewe darasani kwa sababu ya mchango.

Ndugu wanachama, tukienda na malalamiko tutajibiwa kwa wastani. Twendeni na namba ya chumba. Daftari la kujiandikisha kuhesabu lipo ofisi ya Tawi kuanzia Jumatatu.


*Katibu wa Tawi, Songwa*