Jiko la Nyumbani na Sheria Ndogo za Mtaa

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na Halmashauri za Walei



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA na ninyi vijana mlioitikia mwaliko huu, tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu ili tutafakari pamoja jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Mmezoea kuisikia Tume ya Haki na Amani ikizungumzia ardhi, uchaguzi au hali ya mahabusu. Leo tunazungumzia vitumbua, maandazi, chapati, uji, karanga za kukaanga na barafu za watoto, yaani chakula kinachopikwa katika jiko la nyumbani na kuuzwa barazani, sokoni, karibu na shule au kituo cha basi.

Si jambo dogo hata kidogo. Katika miji yetu ya Tanzania ziko familia nyingi ambazo sare za watoto, kodi ya chumba na dawa za mgonjwa hutoka katika karai la mafuta linalowashwa kabla ya jogoo kuwika. Hata sadaka tunayoitoa Jumapili, sehemu yake imetoka huko.

Visa viwili

Mwenzetu mmoja, mjane anayelea wajukuu, alitusimulia yaliyompata. Yeye huamka saa tisa za usiku, hupika uji na vitumbua, na saa kumi na mbili za asubuhi huwa yupo mahali pake. Siku moja wakaja wakaguzi. Hakuna aliyemwuliza maji ameyatoa wapi, wala aliyefunua chombo ili aone kama chakula ni kisafi. Waliuliza stakabadhi ya ushuru. Hakuwa nayo. Uji ukamwagwa mtaroni na sufuria ikachukuliwa. Jioni ile alikopa ili wajukuu wale, na kwa wiki mbili hakupika tena kwa kuwa hakuwa na chombo.

Katika mtaa ule ule, mtoto mmoja alilazwa kwa kuhara na kutapika baada ya kula wali uliolala, uliopashwa moto nusu nusu na kuuzwa kama wali mpya. Aliyeuuza naye ni muumini mwenzetu. Alikuwa na stakabadhi ya ushuru.

Kisa cha kwanza kinatufanya tulalamikie sheria. Kisa cha pili kinatukumbusha kwa nini sheria ipo. Tukikishika kimoja na kukiacha kingine, hatutakuwa tumetenda haki.

Sheria ni ukuta wa kuzuia mtu asianguke

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mna agizo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: mtu ajengaye nyumba mpya yampasa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba ni mali ya mwenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa wengine watapanda juu yake, mwenye nyumba anawajibika kwa uhai wao. Vivyo hivyo jiko. Likiwa la kupikia watoto wako tu, ni jambo la nyumbani mwako. Ukianza kumwuzia jirani, uhai wa jirani umeingia mikononi mwako.

Tumeyaona madhara kwa macho yetu. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kusambaa katika mikoa mingi, na wauzaji wa vyakula vya barabarani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzuiwa kufanya kazi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo mama anayeuza karanga au unga wa lishe, akinunua mzigo wenye ukungu kwa kuwa ni rahisi, anauza hatari asiyoiona.

Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa Afisa Afya uwezo wa kukagua mahali pa kupikia na kuharibu chakula kisichofaa. Ndiyo maana wanaoshika chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita. Na kwa anayefungasha chakula ili kiuzwe dukani, kama vile pilipili ya chupa au siagi ya karanga, kazi ya kusimamia ubora na usalama tangu mwaka 2019 iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Haya si maonevu. Ni ule ukuta wa juu ya dari.

Kazi ya mikono ni haki

Lakini historia yetu inatufundisha pia kwamba sheria inaweza kumgeuza mtu mwenye kazi akaonekana hana kazi. Wazee wetu wanaikumbuka Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambayo chini yake wengi walioishi mijini kwa biashara ndogo ndogo walihesabiwa kuwa wazururaji. Ilichukua miaka mingi mtazamo huo kubadilika. Mwezi Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa wajasiriamali wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa malipo ya shilingi 20,000. Tuseme tutakavyo juu ya utekelezaji wake, hatua hiyo ilikiri jambo moja kubwa: kwamba mama wa vitumbua ni mfanyakazi, naye anatambuliwa.

Kanisa lilikwisha kulisema hilo. Tangu waraka wa Rerum Novarum wa Papa Leo wa XIII mwaka 1891, hadi Laborem Exercens wa Papa Yohane Paulo wa II mwaka 1981, mafundisho ya jamii yanatuambia kwamba thamani ya kazi yatokana na mtu aifanyaye, si na ukubwa wa duka lake. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 nayo inataja haki ya kufanya kazi katika ibara ya 22, haki ya kumiliki mali na mali hiyo kulindwa katika ibara ya 24, na haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa katika ibara ya 13. Sufuria ya mjane ni mali. Naye mjane ana haki ya kusikilizwa.

Kosa la afya na kosa la ushuru

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Tunaomba mlishike neno hili na kulipeleka kwenye Jumuiya: kosa la afya na kosa la ushuru ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Chakula kilichooza au kilichopikwa kwa maji ya mtaroni ni hatari kwa uhai. Kumwagwa kwake ni haki, hata kama mwenye chakula analia, hata kama amelipa kila ushuru. Lakini kukosa stakabadhi ni deni. Anayedaiwa huelezwa deni lake, hupewa muda, hulipa, na akikataa hufikishwa mbele ya vyombo vya sheria. Kumwaga chakula kizuri kwa sababu ya deni hakulindi afya ya mtu yeyote, wala hakuiingizii Halmashauri hata shilingi moja. Kunamwondolea mdaiwa uwezo wa kulipa, na kunamfundisha mwananchi kuikimbia sheria badala ya kuiheshimu. Aidha, kunafungua mlango wa rushwa: mama akishajua kwamba chakula chake kitamwagwa hata kikiwa kisafi, ataona afadhali atoe kitu mkononi kuliko kufagia jiko.

Kwa hiyo, sheria ndogo ya haki kuhusu biashara hii ina alama nne. Wanaohusika wameijua kabla ya kuadhibiwa nayo. Wameshirikishwa ilipotungwa. Wanaweza kuitimiza kwa kipato walicho nacho. Na adhabu yake inalingana na kosa.

Wajibu wetu

Kwanza, turekebishe majiko yetu. Shirika la Afya Duniani limefupisha usalama wa chakula katika mambo matano: usafi wa mikono na vyombo, kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi chakula kiive kabisa, kutokiacha chakula kilichopikwa kikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye joto kali au baridi kali, na kutumia maji salama na malighafi nzuri. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaji mkubwa. Ndoo yenye koki, sabuni, kawa la kufunikia na kijiko cha kuchotea vinatosha kuanzia.

Pili, tuzijue sheria zenyewe. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji kwa mamlaka ya sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni kabla hazijapitishwa. Katika kijiji, Mkutano Mkuu huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Je, ni wangapi kati yetu waliokwisha kuhudhuria? Tunalalamika sokoni juu ya sheria iliyojadiliwa siku tuliyokuwa tumelala. Kiongozi wa Jumuiya aombe nakala ya sheria ndogo katika ofisi ya kata, kisha isomwe kwa lugha nyepesi.

Tatu, tulipe kilicho halali na tudai stakabadhi ya Serikali. Anayetoa fedha bila stakabadhi anamlea mwizi, na kesho atatozwa tena.

Nne, tushikamane. Akina mama watano wakienda pamoja kupimwa afya, wakamwalika Afisa Afya awatembelee kabla hajatumwa kuwakamata, watakuwa wamemfanya mlezi wao. Anayetaka kufungasha bidhaa zake aanzie SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ambalo hutoa mafunzo ya usindikaji.

Tano, nasi kama parokia tujichunguze. Wakati wa sherehe tunakwenda kumtafuta mpishi mkubwa mjini, na mama wa Jumuiya tunamwachia kazi ya kuosha vyombo. Wapo miongoni mwetu wanaokula chapati kwa mkopo na kubadili njia siku ya kulipa. Wapo pia madiwani, watendaji na mgambo wanaokomunika pamoja na yule mjane. Kwao tunasema kwa upendo: yule mliyemmwagia uji ni dada yenu.

Mwisho

Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, naye alimlisha nabii Eliya. Mungu hakudharau jiko lile. Tukitoka hapa, tuyatazame majiko ya mtaa wetu kwa jicho hilo: yawe safi, kwa kuwa wanaokula ni watoto wa Mungu, na yalindwe, kwa kuwa wanaopika ni watoto wa Mungu pia.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni nani katika Jumuiya yetu anayeishi kwa kuuza chakula anachopika nyumbani? Ana shida gani?
2. Je, tunaijua sheria ndogo inayomhusu? Ni nani atakayetuletea nakala, na lini?
3. Ni jambo gani katika majiko yetu tunaloweza kulirekebisha wiki hii?
4. Je, tumewahi kuona kosa la ushuru likiadhibiwa kana kwamba ni kosa la afya? Tulifanya nini?