RANGI ZA TOVUTI YETU: ZIPATANE NA ZISOMEKE

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia za wilaya za Mbulu na Hanang, pamoja na wafadhili)



Huenda mwingine anajiuliza: watu wanahitaji maji, nasi tunakaa kupanga rangi? Swali hilo ni halali. Jibu letu ni kwamba tovuti ndipo mfadhili aliye mbali na mkulima wa Dongobesh wanapoona hesabu ileile. Isiposomeka, uwazi tunaouhubiri haupo.

Tukiri kwanza kosa letu. Tulitengeneza jedwali la vituo vya maji: kijani kwa kituo kinachofanya kazi, nyekundu kwa kilichoharibika. Mjumbe mmoja akatuambia kwamba yeye anaona rangi moja tu. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawatofautishi nyekundu na kijani. Kwake, kituo kizima na kibovu vilikuwa sawa. Tangu hapo kila rangi inaandamana na neno: "kinafanya kazi" au "kimeharibika".

Jambo la pili ni kusomeka. Miongozo ya kimataifa ya tovuti iliyotolewa mwaka 2008 inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Tukumbuke kwamba wengi wetu tunasoma kwa simu, tena juani, sokoni Katesh.

Jambo la tatu ni kupatana. Hapa Liturujia imekwisha kutufundisha: zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani kipindi cha kawaida. Kila rangi ina wakati wake. Padre havai zote siku moja.

Wapambaji wana kanuni rahisi: asilimia 60 rangi ya msingi, 30 rangi ya pili, 10 rangi ya kusisitiza. Tunapendekeza msingi uwe mweupe uliopoa, kama chumvi ya Ziwa Balangida. Ya pili iwe kijani iliyokolea ya msitu wa Mlima Hanang. Na rangi ya udongo mwekundu ibaki kwa kitufe cha "Changia" peke yake. Kijani na nyekundu hukabiliana katika duara la rangi. Zikigawana ukurasa nusu kwa nusu zinagombana. Nyekundu ikiwa kidogo, inavuta jicho.

Mwisho, tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Kurasa zinazohusu msiba huo zisipambwe kwa rangi za kutisha ili kuwaamsha wafadhili. Picha zibaki na rangi zake. Tusitie chumvi kwenye machozi ya watu.

Kabla kamati haijapitisha ukurasa wowote, tunaomba ifanye mambo mawili. Ichapishe kwa nyeusi na nyeupe ione kama bado unaeleweka. Kisha impe mzee mmoja wa jumuiya ausome kwa simu akiwa juani. Akishindwa, kosa ni letu, si la macho yake.