Mbwa wa Boma Anapowageukia Kondoo



Mfugaji akikuta kondoo wake wameraruliwa zizini, huwaza fisi au chui. Pengine mhalifu ni mbwa alalaye mlangoni pake. Mbwa ana silika ya kukifukuza kinachokimbia. Kondoo akitimka, silika hiyo huamka. Wakiwa wawili au watatu huchocheana, na huweza kujeruhi kondoo wengi pasipo kula hata mmoja. Hivyo njaa si sababu pekee, ingawa mbwa asiyelishwa huzurura. Wahenga walinena: mkono mtupu haulambwi.

Kinga huanza mapema. Mtoto wa mbwa akuzwe karibu na mifugo, akanywe kila aikimbizapo kwa mchezo, alishwe, achanjwe, na usiku asiachwe kurandaranda. Mbwa mpole akiwa mkali ghafula, huenda ana kichaa cha mbwa: msimkaribie, mwiteni bwana mifugo. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Na haki je? Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, ilipambanua. Ng'ombe akimuua ng'ombe wa jirani, hasara iligawanywa. Lakini mwenyewe akiwa aliijua tabia ya mnyama wake asimzuie, alilipa ng'ombe kwa ng'ombe. Kipimo hicho chatufaa hata leo. Aliyekwisha kuonywa asijitetee kwamba mnyama hana akili. Kumuua mbwa hakumrudishii mjane mbuzi wake wa maziwa. Kwanza alipe, ndipo majirani wapatane kwa kweli.